Mlango wa jibwa: Kagua komeo na bawaba kabla ya kusifu bati

UKIPITA mitaa ya Kitale kama vile Milimani na Kibomet, au ukishuka hadi Kanduyi na Musikoma kule Bungoma, utakutana na kibao kilekile kwenye mageti: "Mbwa Kali". Mwalimu wa Kiswahili atanung'unikia sarufi yake, lakini ujumbe unafika.

Kibao hicho hakigharimu pesa nyingi. Kazi iko kwenye kitu kinachomzuia huyo mbwa mchana, wakati watoto wanatoka shule, mama mboga anabisha hodi na boda boda anashusha mzigo mlangoni. Kitu hicho ni mlango wa kibanda chake.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mtu ananunua mtoto wa German Shepherd kwa maelfu ya shilingi, anamlisha vizuri, anampiga picha za kuweka WhatsApp, halafu anamtengenezea mlango kwa mbao za kreti na wavu wa kuku. Mbwa akiwa na miezi mitatu, mlango huo unatosha kabisa. Akifika mwaka mmoja na nusu, dume la aina hiyo linaweza kuwa na kilo 30 hadi 40, na wavu wa kuku kwake ni kama karatasi.

Ikiwa wewe ndiye kijana uliyetumwa na mzee umtafute fundi wa weldi, au wewe mwenyewe ndiye fundi na umeletewa kazi kama hiyo, haya ndiyo mambo ya kuangalia kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Mlango ukifeli, nani anaumia?

Katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, mbwa mkubwa ni mfanyakazi. Mahindi yakishavunwa na stoo kujaa, yeye ndiye soja wa usiku. Analinda ng'ombe, kuku, pikipiki na nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Kwa kawaida anafunguliwa giza likiingia na kurudishwa kibandani asubuhi.

Ratiba hiyo inategemea mlango. Siku komeo linapong'oka saa saba mchana, mbwa aliyezoea kufukuza kila anachokiona usiku anajikuta uani na wageni asiowajua. Anayeumia mara nyingi si mwizi. Ni mtoto wa jirani, au kukhu aliyekuja kuazima jembe.

Kuumwa na mbwa si kidonda tu. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu duniani, asilimia 99, hutokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kenya inaujua ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 100, kwani kisa cha kwanza kilithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka wa 1912. Serikali ina mpango wa kuuangamiza kwa binadamu ulioanza 2014 na kulenga mwaka wa 2030. Nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Sasa fikiria upande wa pili. Mlango mbovu haumtoi mbwa wako tu, unaingiza pia mbwa wa mtaani. Jike lako likiwa kwenye joto, madume ya kijiji kizima yatapiga kambi nje. Yakipata mwanya wa kupenya, hata mbwa aliyelelewa vizuri anarudi na vidonda, au na mimba usiyojua baba yake. Na mbwa anayezurura hukanyagwa na gari barabarani, au hutegewa sumu na jirani aliyechoka kuliwa kuku.

Mlango upi hasa?

Ukitafuta mlango wa mbwa kwenye intaneti, utaletewa vipande vya plastiki vinavyokatiwa ndani ya mlango wa nyumba ya watu. Mbwa anakisukuma kwa kichwa, anaingia sebuleni, kinajifunga chenyewe kwa sumaku. Huko Marekani na Uingereza, ambako mbwa wengi hulala ndani, kina kazi yake.

Kwa boma la Kitale au Bungoma, tundu la kumtosha German Shepherd kwenye mlango wa jikoni linamtosha pia mwizi mwembamba, achilia mbali panya na nyoka. Mbwa wetu hulala nje, na milango anayohitaji ni miwili.

Wa kwanza ni mlango wa kizimba, yaani ua mdogo uliozungushiwa wavu ambamo mbwa anashinda mchana. Huu ni mlango wa binadamu kupitia akienda kufagia na kuweka maji. Upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 180 vinakuruhusu kuingia na ndoo bila kuinama. Ukiinama mbele ya mbwa mkubwa aliyekasirika, uso wako uko sawa na meno yake.

Wa pili ni mlango mdogo kati ya kizimba na chumba cha kulala. Huu ni wa mbwa peke yake. Ulio bora ni wa kuteleza juu na chini kwenye reli mbili, ukivutwa kwa kamba au waya ukiwa nje. Unamfungia chumbani, unafagia kizimba kwa amani, kisha unamrudisha. Wewe na yeye hamkutani mkiwa na ufagio katikati. Hakikisha tu kuna pini ya kuushikilia ukiwa juu, usije ukamwangukia shingoni.

Pima mbwa, usipime kwa macho

Chukua futi ya fundi nguo. Mbwa akiwa amesimama wima, pima vitu vitatu: kutoka chini hadi juu ya bega, kutoka chini hadi tumboni, na upana wa kifua mahali kilipo kipana zaidi.

Dume la German Shepherd lililokomaa huwa na sentimita 60 hadi 65 begani. Rottweiler dume hufika 68, na kifua chake ni kipana zaidi. Mbwa wetu wengi ni chotara, kwa hivyo usitegemee jina la aina, tegemea futi.

Kwa mlango mdogo, ongeza sentimita 5 juu ya bega na sentimita 5 hadi 8 kwenye upana wa kifua. Usiogope kwamba kichwa kitagonga, kwa sababu mbwa huinamisha kichwa akipita. Kizingiti cha chini kiwe chini ya tumbo lake, asilazimike kuruka. Mbwa mzee mwenye nyonga zinazouma, jambo la kawaida kwa German Shepherd, atakushukuru.

Kama mbwa bado ni mdogo, usijenge kwa kipimo chake cha leo. Mpime mama yake au baba yake. Ikiwa hukuwaona wazazi, jenga kwa kimo cha sentimita 65 na uwe upande salama.

Kitale si Bungoma

Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko takriban mita 1,400. Tofauti hiyo unaihisi mwenyewe ukisafiri kwa matatu kupitia Kiminini na Webuye: unavua sweta njiani.

Kwa hivyo mlango uliomfaa shangazi yako wa Kitale huenda usikufae wewe wa Bungoma. Kitale, usiku na alfajiri ni baridi, na mvua huja na upepo. Chumba cha kulala kinahitaji kinga. Mbali na mlango wa kuteleza, unaweza kuning'iniza pazia la mpira uliokatwa kutoka tyubu ya lori. Kata vipande virefu vinavyopandana kidogo, uvifunge juu kwa bati jembamba na skrubu. Mbwa anapita, vipande vinarudi mahali pake. Kikitafunwa kimoja, unabadilisha hicho tu.

Bungoma, shida ni joto la mchana. Mlango wa bati tupu kutoka juu hadi chini unageuza kibanda kuwa oveni. Huko, sehemu ya juu ya mlango iwe wavu, na mlango usielekee jua la alasiri.

Miji yote miwili ina adui mmoja, nayo ni maji ya mvua. Msimu wa mvua hapa magharibi ni mrefu, na chuma kisichopakwa rangi vizuri huanza kuliwa na kutu pale chini karibu na sakafu, mahali mkojo wa mbwa na maji ya kufagia hutulia.

Mbao, chuma na wavu

Mbao ni rahisi kupata na fundi seremala yuko kila soko. Lakini mbwa mkubwa aliyechoshwa na upweke hutafuna ukingo wa mbao kama muwa. Tena mbao ikigusa udongo, mchwa wanaingia. Ikiwa pesa zimekaza na huna njia nyingine, tumia mbao kwa fremu, piga ukanda wa chuma kwenye kingo zote anazoweza kufikia kwa meno, na uinue mlango kutoka kwenye udongo.

Chuma ndicho chaguo la kudumu. Fremu ya mlango itengenezwe kwa bomba mraba la inchi moja na nusu, au kwa chuma cha pembe. Sehemu ya chini, sentimita 60 hivi, ifunikwe kwa bati zito. Hapo ndipo mbwa hukwaruza, husukuma kwa pua na hupigana na mbwa walio nje.

Ukiuliza bati, fundi atakutajia geji. Hapa vijana wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 16 ni kama milimita moja na nusu, geji 18 ni kama milimita 1.2. Zote mbili zinafaa. Bati la kuezekea nyumba, geji 28 au 30, haliwezi kazi hii. Mbwa akilikunja ukingo, linakuwa kisu cha kumkata yeye mwenyewe.

Sehemu ya juu iwe wavu mzito wa chuma uliochomelewa, au vyuma vilivyosimama wima. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 5, yaani kama vidole vitatu. Nafasi kubwa kuliko hiyo inapitisha mdomo, na mdomo ukipita unaweza kuuma, au taya linaweza kukwama.

Wavu wa kuku ubaki kwa kuku.

Moyo wa mlango

Hapa ndipo pesa zako zinapotetewa au kutupwa. Mlango wa jibwa ni nadra kuvunjika katikati. Unaachilia kwenye komeo, kwenye bawaba, au pale fremu inaposhikana na ukuta. Unaweza kuwa na bati la geji 16 linalong'aa, lakini likashikiliwa na komeo dogo la skrubu nne fupi. Mbwa wa kilo 40 akilirukia mara ishirini kwa siku, skrubu zinalegea moja baada ya nyingine. Wiki ya tatu, mlango uko wazi.

Jambo la kwanza: mlango wa kizimba ufunguke kwenda ndani. Ukifunguka nje, kila mruko wa mbwa unabebwa na komeo peke yake. Ukifunguka ndani, mbwa akiurukia anaubana zaidi kwenye fremu. Faida nyingine ni kwamba ukiingia, unaufungua kidogo tu na kuziba mwanya kwa mwili wako, asichomoke.

La pili: weka makomeo mawili, moja juu na moja chini. Mlango wenye komeo moja la katikati hupinda kwenye pembe ya chini, na mbwa akishaona mwanya hapo hatalala hadi aumalize. Komeo zuri ni ufito wa chuma wa milimita 12 unaoteleza ndani ya kipande cha bomba kilichochomelewa, na wenye mkono unaokunjwa chini ili usitikisike ukafunguka. Mbwa wengine ni werevu. Komeo la kuinua tu, wanalifungua kwa pua.

La tatu: bawaba, au hinji kama mafundi wanavyoziita. Tatu ni bora kuliko mbili. Ukitumia zile za kuchomelewa, ambazo kipande kimoja huketi juu ya kingine, mlango unaweza kuinuliwa ukachomoka mzima. Mwambie fundi ageuze bawaba moja iangalie chini. Ni kazi ya dakika moja, na mlango hauinuki tena.

La nne: fremu isishikiliwe kwa misumari ukutani. Iwe na miguu ya chuma inayozama kwenye simiti, au iwekwe boliti zinazopenya nguzo hadi upande wa pili.

Na kufuli? Kufuli linazuia mwizi, komeo linazuia mbwa. Mbwa wa aina nzuri huibwa, kwa hivyo kufuli lina kazi. Lakini ufunguo uwe mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua. Moto ukizuka wewe ukiwa kazini Eldoret, mtu aweze kumfungulia.

Chini ya mlango

Mbwa akishindwa na mlango anaanza kuchimba. Mimina kizingiti cha zege chini ya mlango, kizame sentimita 30 hivi. Mwanya kati ya mlango na kizingiti usizidi upana wa vidole viwili. Sakafu iwe na mteremko wa kupeleka maji mbali na bawaba.

Hesabu kabla ya kuelewana bei

Fundi akikutajia bei ya jumla, mwombe aivunje: vyuma, bati, wavu, bawaba, rangi, kazi. Kisha piga hesabu yako.

Mabomba mraba na vyuma vya pembe huuzwa kwa urefu wa mita 6. Mlango wa sentimita 75 kwa 180 unahitaji mita 5.1 kuuzunguka. Ukiongeza chuma kimoja cha kukata katikati, ni mita 5.85. Kwa hivyo mlango wenyewe unatoka kwenye kipande kimoja. Fremu inayoushika, pande mbili na juu, ni kama mita 4.4, yaani kipande cha pili. Fundi akidai vipande vinne, muulize viwili vya nini.

Bati zima huwa futi 8 kwa futi 4. Wewe unahitaji kipande cha sentimita 60 kwa 75 tu, na bati moja linatoa sita vya namna hiyo. Hakuna haja ya kununua zima. Uliza mabaki kwenye karakana za jua kali, au ungana na majirani wenye mbwa. Kwa kijana mwenye mashine ya weldi, hapo pana biashara: milango sita kutoka bati moja, kipimo kimoja, bei inayoeleweka. Ukitoka Kitale National Polytechnic au chuo kingine cha ufundi na cheti mkononi, hii ni kazi ndogo ya kukujengea jina mtaani.

Siku ya kuuchukua

Usiulipie wote kabla ya kuujaribu. Funga makomeo, kisha sukuma pembe ya chini kwa mguu kwa nguvu zako zote. Ikitoa mwanya wa kupitisha ngumi, rudisha. Uinue mlango kwa mikono miwili. Ukipanda kwenye bawaba, rudisha.

Pitisha kitambaa kwenye kingo zote. Kikinaswa mahali, hapo ulimi au mguu wa mbwa utakatika, na pasagwe kwa mashine. Angalia rangi: kwanza ya kuzuia kutu, halafu ya juu, hata kwenye viungo vya weldi na upande wa chini usioonekana. Chagua rangi isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa mbwa atailamba. Iache ikauke siku kadhaa, harufu iishe, ndipo umwingize.

Baada ya hapo, kila mwezi tia mafuta kwenye bawaba na kagua komeo la chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mlango peke yake hautoshi

Mlango imara usiwe sababu ya kumsahau mbwa ndani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inakataza kumweka mnyama katika hali ya mateso yasiyo ya lazima. Mbwa anayefungiwa kutwa bila maji, kivuli wala matembezi hugeuka mharibifu, na hakuna komeo litakalodumu mbele yake. Mtembeze kila siku kwa mnyororo kabla ya kumrudisha kibandani. Mbwa aliyechoka halali akipigana na mlango.

Mpeleke kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na uhifadhi kadi. Ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti itakuelekeza.

Na ikitokea mbwa yeyote amemuuma mtu, hata wako uliyemchanja, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mpeleke mtu huyo hospitalini siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa wala majani, na usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Hayo ni ya dharura. Kazi yako wikendi hii ni nyepesi zaidi: nenda kibandani na futi, piga teke pembe ya chini ya mlango ulio nao, usikilize kama komeo linalia.